Mstari, geji, eneo au hitimapu: chati gani uweke kwenye dashibodi ya seva

Kuna kipindi nilikuwa naangalia dashibodi ya seva moja hivi, CPU inasoma asilimia 23, RAM iko poa, diski iko poa, kijani tupu kila kona, na wakati huohuo watumiaji wanapiga simu wanasema mfumo unakwama, unakwama kidogo afu unarudi, afu unakwama tena. Mi nawajibu mbona huku kwangu shwari. Nimekuja kuelewa baada ya siku mbili. Kulikuwa na skripti ya ripoti inajiendesha kila baada ya dakika 5, inakula CPU yote kwa sekunde 10, basi, imemaliza, inalala. Na chati yangu ilikuwa inachora wastani wa dakika 5. Piga hesabu mwenyewe: sekunde 10 za asilimia 100, sekunde 290 zilizobaki za asilimia 20, jumlisha, gawa kwa 300, unapata 22.7. Namba ni sahihi kabisa, hesabu haina kosa, na bado haikunisaidia chochote.

Tangu hapo mtu akiniuliza atumie chati gani namuuliza kwanza unataka kujua nini, maana programu za siku hizi zina aina za chati mpaka unachanganyikiwa na karibu zote zinapendeza. Nimezipanga hapa mbilimbili kama ninavyozilinganisha kichwani, na nitasema wazi ipi naipenda na ipi naona ni mapambo.

Geji dhidi ya mstari

Tuanze na geji maana ndo inayopendwa na wote, ile nusu duara kama ya spidi ya gari, kijani, njano, nyekundu. Bosi akipita akaiona anaridhika. Ila inakwambia nini? Diski imejaa asilimia 78. Sawa, wiki iliyopita ilikuwa ngapi? Kama imekaa 78 mwaka mzima nenda kalale, kama wiki iliyopita ilikuwa 60 basi imepanda 18 ndani ya siku 7, zimebaki 22, maana yake siku 8 au 9 hivi zijazo diski imejaa na databesi imegoma kuandika. Geji inazionyesha hizo hali mbili sawasawa, sindano iko palepale. Mstari unakuonyesha mwinuko, na jicho lenyewe linaumalizia mpaka juu bila hata kupiga hesabu.

Na kuna kitu wengi hawakistukii, hiyo namba ya kwenye geji imetoka wapi? Kwenye Grafana, programu ya kuchora dashibodi, paneli ya geji au ya namba inabidi uiambie ichukue nini kutoka kwenye data ya kipindi chote ulichochagua: thamani ya mwisho, wastani, kubwa kuliko zote na kadhalika. Nimewahi kukuta geji ya RAM imewekwa wastani, ukichagua saa 1 iliyopita inasoma 91, ukichagua siku 7 inashuka mpaka 64, na mtu anasema aah kumbe imetulia. Hakuna kilichotulia bana, umebadilisha dirisha tu.

Geji inashinda pale unapotaka mtu aliyesimama mbali na skrini ya ukutani ajue kuna shida au hamna, na kitu chenyewe kiwe na mwisho unaojulikana. Mimi hata hapo naweka namba kubwa badala ya geji: seva ngapi ziko hewani kati ya ngapi, siku ngapi zimebaki cheti cha TLS, kile cha usalama wa tovuti, kuisha. Namba inachukua nafasi ndogo, na kwenye Grafana unaweza kuiwekea kamstari kadogo nyuma yake kwa hiyo unapata vyote viwili. Kwangu geji ni ya mwisho kabisa kuchagua.

Mistari tofauti au maeneo yaliyopandiana

Chati ya maeneo, ile rangi zimejazwa na kila tabaka limekaa juu ya jingine, ina kazi moja tu inayoiweza vizuri: kuonyesha vipande vya kitu kimoja kizima. CPU ndo mfano mzuri, muda wa programu, muda wa kerneli (kiini cha mfumo endeshi), muda wa kusubiri diski, na kama uko kwenye klaudi kuna ule muda unaoibiwa, yaani mashine yako ilitaka prosesa ila mwenyeji akawapa wengine. Vyote vikijumlishwa na muda wa kukaa bure vinafika 100, kwa hiyo kupandisha kimoja juu ya kingine kuna maana. Ukiona tabaka la kusubiri diski limevimba na la programu limebanwa, ushajua uende wapi.

RAM ya Linux nayo inafaa hivyo hivyo, tena hapa chati ya mstari mmoja imewatesa watu miaka na miaka. Mtu anachora RAM iliyotumika, anahesabu kila kisicho huru, mstari uko asilimia 95, anaanza kuomba aongezewe RAM. Kumbe nusu yake ni kashe ya mafaili, yaani nakala zilizowekwa karibu ili zisomwe haraka, kerneli inaiachia pale programu zikihitaji. Ukichora kwa matabaka unaona kashe imekaa juu kama povu, na chini yake matumizi yenyewe ni kidogo. Au kama hutaki matabaka basi chora mstari wa MemAvailable, kernel 3.14 ya mwaka 2014 ndo iliileta, inakukadiria RAM kiasi gani programu mpya inaweza kuipata bila kuanza kutumia swap, yaani sehemu ya diski inayosaidia RAM ikijaa. Kwa alati, yaani onyo linalojituma lenyewe namba ikivuka mpaka, naona huo mstari mmoja ni bora kuliko matabaka, kwa kuchunguza tatizo matabaka ndo bora.

Ubaya wa matabaka ni kwamba ni tabaka la chini tu ndo lina sakafu iliyonyooka. La pili linakaa juu ya mgongo wa la kwanza, kwa hiyo la kwanza likipanda na la pili nalo linaonekana limepanda hata kama halijasogea. Nimeshaona mtu analaumu huduma ya tatu kutoka chini wakati iliyofura ni ya kwanza. Na kuna vitu havijumlishwi kabisa: usipandishe p50 juu ya p95 juu ya p99 (muda wa kujibu ambao maombi 50, 95 au 99 kati ya 100 hayakuuzidi), usipandishe asilimia za CPU za seva 6 ukapata 340 afu ukashindwa kuielezea.

Mistari tofauti inafaa kulinganisha, ila mpaka mistari 6 au 7 hivi. Ikifika 40 ni tambi, hamna anayesoma. Hapo nina njia mbili. Moja, chora bendi, mstari wa katikati na kivuli kutoka seva ya chini kabisa mpaka ya juu kabisa, ukiona kivuli kimetanuka ghafla kuna seva moja imejitenga na wenzake. Mbili, chora tano za juu tu. Kwenye Prometheus, programu ya kukusanya na kutunza vipimo, kuna topk ya hiyo kazi ila usishangae ukiomba 5 ukaona mistari 11, maana inachagua tano za juu kwa kila nukta ya muda na hizo tano zinabadilikabadilika. Mara ya kwanza nilidhani nimekosea kuandika.

Wastani, p99 au hitimapu: hapa ndo pana utamu

Kama kuna sehemu moja ya kutulia ni hii, muda wa kujibu. CPU ni shida yako wewe, muda wa kujibu ni shida ya mtumiaji.

Chukua rikwesti 100, yaani maombi 100 yaliyotumwa kwa seva. 98 zimejibiwa kwa milisekunde 50, mbili zimechukua sekunde 5. Wastani ni milisekunde 149. Angalia hiyo namba vizuri, hakuna hata rikwesti moja iliyochukua 149 wala karibu na hapo, ni namba ya mtu ambaye hayupo. Sasa p50 ni 50, na p95, ambayo watu wanaisifia sana, nayo ni 50, safi kabisa, imezikosa zile mbili. Ni p99 pekee ndo inapiga kelele, sekunde 5. Na usiseme mbili kati ya mia ni chache, kama ukurasa mmoja unafyatua rikwesti 20 ndani kwa ndani basi uwezekano wa angalau moja kuwa ya zile za sekunde 5 ni kama asilimia 33, yaani mtu mmoja kati ya watatu anaufungua ukurasa na anasubiri.

Kwa hiyo kati ya mstari wa wastani na mstari wa p99, mi nachagua p99 na p50 kwenye chati moja, wastani natoa. p50 inakwambia hali ya mtu wa kawaida, p99 inakwambia mkia, na umbali kati ya hiyo mistari miwili ndo habari yenyewe. Ikipanda yote pamoja kitu cha msingi kimezidiwa, ikipanda p99 peke yake kuna kundi dogo linateseka, labda seva moja, labda mteja mwenye data nyingi, labda kufuli kwenye databesi.

Ila p99 nayo ina mitego yake na nimenasa karibu yote.

Wa kwanza, huwezi kuchukua p99 ya kila seva ukatafuta wastani wake. Seva A imepokea rikwesti 1,000 na p99 yake ni milisekunde 100, seva B imepokea 10 na p99 yake ni sekunde 4, ukitafuta wastani unapata sekunde 2.05, namba haina maana yoyote. Inabidi utunze hesabu za mafungu, rikwesti ngapi zilikuwa chini ya milisekunde 50, ngapi chini ya 100, ngapi chini ya 250, ujumlishe mafungu ya seva zote kwanza, ndo utoe p99. Prometheus inafanya hivyo kwa histogramu na ile histogram_quantile.

Wa pili unatokana na huohuo wa kwanza. Hayo mafungu yana mipaka, na ndani ya fungu programu haijui rikwesti zimekaa wapi, inakadiria tu kana kwamba zimetawanyika sawasawa. Kama fungu lako linaanzia sekunde 1 mpaka 5, p99 inayosema sekunde 3.4 ni makisio, inaweza kuwa 1.2. Na kama rikwesti zimepita fungu la mwisho lenye mpaka, jibu linaganda kwenye mpaka huo. Maktaba ya Prometheus ya lugha ya Go ukiiacha na mafungu yake ya kawaida, fungu la mwisho lenye mpaka linaishia sekunde 10. Siku moja nimekaa naangalia p99 imenyooka kwenye 10, imenyooka kama imepigwa rula, haipandi haishuki, nikasema angalau haizidi kuharibika. Kumbe rikwesti zilikuwa zinachukua sekunde 40 na zaidi, chati ndo ilikuwa imegonga dari. Ukiona mstari wa muda wa kujibu umenyooka hivyo usishukuru, nenda kaangalie mafungu.

Sasa hitimapu. Muda uko chini unaenda kulia, muda wa kujibu uko pembeni unapanda juu, na kila kiboksi kina rangi kulingana na rikwesti ngapi zimeangukia pale. Brendan Gregg, mtaalamu wa utendaji wa mifumo, ndo mmoja wa walioipigia debe sana kwenye mambo ya diski na muda wa kujibu, na ukiitumia mara moja unaelewa kwa nini. Fikiria huduma ambayo rikwesti zake nusu zinapata jibu kwenye kashe kwa milisekunde 5, nusu zinaenda mpaka diski kwa milisekunde 80. Kwenye hitimapu unaona mikanda miwili, mmoja chini mmoja juu, peupe. Kwenye mstari wa p50 unaona kichaa, unaruka kutoka 5 kwenda 80 unarudi 5, maana nusu ikiegemea huku kidogo p50 iko huku, ikiegemea kule iko kule. Na wastani utakwambia milisekunde 42 na ushee, katikati kabisa pasipo na mtu. Siku kashe ikifa, kwenye hitimapu mkanda wa chini unafifia na wa juu unakolea, hata mtu asiyejua kitu anakuonyesha kwa kidole saa ngapi ilitokea.

Mbona basi nisiweke hitimapu kila mahali? Kwanza huwezi kuiwekea alati, alati inataka namba. Pili rangi ni kazi, ukiiacha rangi ipande sawasawa na idadi, fungu lenye rikwesti 20,000 linawaka na lile lenye rikwesti 3 za sekunde 8 halionekani kabisa, na hizo 3 ndo ulikuwa unazitafuta, kwa hiyo weka rangi ya kilogariti, inayopanda hatua moja kila idadi ikizidishwa. Tatu, wapo watu hawatofautishi nyekundu na kijani na ni wengi kuliko unavyodhani hasa wanaume, tumia rangi moja inayokolea. Nne, mtu mgeni anahitaji dakika mbili za kuelezwa. Kwa hiyo nafanya hivi: p50 na p99 ukurasa wa mbele na alati juu ya p99, hitimapu ukurasa wa pili kwa ajili ya kwenda kuuliza kwa nini.

Nukta kila sekunde 1, 15 au dakika 5

Hii sio aina ya chati ila inaamua chati yako itaonyesha nini, na ndo iliyoniponza mimi kwa ile skripti.

Utaratibu wa dakika 5 ni wa zamani, MRTG, zana ya kuchora matumizi ya mtandao ya Tobias Oetiker, ya mwaka 1995 ilikuwa inazunguka kila dakika 5 na RRDtool yake ya 1999, ya kutunza na kuchora data, ikarithiwa na zana kibao, mojawapo Munin ambayo mpaka leo inakwenda na dakika 5. Prometheus usipoigusa inavuta data kila dakika 1, ila wengi wanaweka sekunde 15. Netdata, zana nyingine ya kufuatilia seva, inachukua kila sekunde 1. Kwa kupanga uwezo wa miezi ijayo dakika 5 zinatosha na ni nafuu kutunza, kwa kuwinda kitu kinachokwama sekunde 10 huna namna, unahitaji sekunde 1 au angalau mwanya usiozidi sekunde 5.

Lakini hata kama unakusanya kila sekunde, ukirudi nyuma kuangalia mwezi mzima skrini haina nafasi ya nukta zote, na zana nyingi zinatunza data ya zamani kwa muhtasari. Vilele vinalainika. RRDtool ukiiambia itunze AVERAGE (wastani) peke yake kilele cha mwezi uliopita hakirudi tena, itabidi uwe ulitunza na MAX (kubwa kuliko zote). Zabbix, nayo ya kufuatilia seva, hapo imefanya vizuri, data yake ya muda mrefu inatunza ndogo, wastani na kubwa kwa kila saa, na kwenye grafu ya kawaida unaweza kuona kivuli cha kutoka ndogo mpaka kubwa. Hicho kivuli usikizime kwa sababu ya urembo.

Kwa kaunta, zile namba zinazopanda tu kama baiti zilizopita kwenye mtandao, hazichorwi zenyewe, unachora kasi yake. Kwenye Prometheus utakutana na rate na irate. irate inaangalia sampuli mbili za mwisho tu, inachangamka, inaonyesha mruko mfupi, ila ukirudi nyuma kwenye wiki nzima inaruka data nyingi katikati na kila ukifungua upya chati ina sura nyingine. rate inapima dirisha zima la muda unalolipa, kwa hiyo inatulia. Mi natumia rate na dirisha mara 4 ya muda wa kuvuta, ukivuta kila sekunde 15 weka dakika 1. Na anza na rate ndo ujumlishe seva, ukijumlisha kwanza seva moja ikiwashwa upya jumla inashuka, Prometheus inadhani kaunta nzima imeanza upya na inakuchorea mlima usiokuwepo.

Kwenye vifaa vya mtandao vya zamani kuna kichekesho kingine, kaunta ya biti 32 inajaa ikifika baiti 4,294,967,296 na kurudi sifuri, kwenye laini ya gigabiti 1 iliyojaa hiyo ni kama sekunde 34 tu. Ukiisoma kila dakika 5 imeshazunguka mara nane na ushee, chati inakuonyesha laini iko karibu tupu wakati imejaa. Chukua kaunta inayoitwa ifHCInOctets, ya biti 64.

Mhimili wa pembeni na matobo

Hapa fupi. Mhimili unaojipanga wenyewe utachukua CPU inayocheza kati ya 41 na 43 na kukuchorea milima na mabonde, simu zinaanza. Kitu cha asilimia kifunge 0 mpaka 100. Muda wa kujibu naufungia chini kwenye sifuri na juu nauacha. Mihimili miwili kwenye chati moja, mmoja kushoto mmoja kulia, naikwepa, ukiinyoosha kidogo mistari inafuatana hata kama haijuani, ni heri chati mbili moja juu ya nyingine zenye muda uleule.

Na matobo. Seva ikizima dakika 20 hakuna data. Zana zinakupa uchague, iache tobo, iunganishe nukta, au iandike sifuri. Kuunganisha ndo kubaya kuliko vyote, inapiga mstari safi kutoka kabla mpaka baada na mtu anaapa seva haikuzima. Iache tobo.

Programu zenyewe

Kama una mashine moja ya Windows na unataka kujua sasa hivi inakula nini, Performance Monitor iliyopo tayari inatosha, inachukua kila sekunde na kuonyesha sekunde 100, ila angalia kipimo cha kila kaunta, inazikuza au kuzipunguza ili ziingie kwenye 0 mpaka 100, kwa hiyo mistari miwili inayogusana haimaanishi namba ni sawa. Mashine moja ya Linux, Netdata, unaisakinisha na chati zimeshajipanga. Seva nyingi na vifaa vya mtandao, na hutaki kuunganisha vipande vipande, Zabbix, kila kitu kiko ndani yake mpaka alati. Huduma nyingi ndogondogo zinazozaliwa na kufa, na unataka hitimapu na p99 za kweli, Prometheus na Grafana, ila jua Prometheus inatunza siku 15 tu kama hujaibadilisha, usije ukatafuta data ya mwezi uliopita ukalia.

Mimi baada ya yale yaliyonikuta niliifuta dashibodi nzima, geji zote 9 zikaenda. Juu nikaweka vitu vitatu vya watumiaji, rikwesti kwa sekunde, makosa, na p50 na p99 pamoja. Chini yake kwa kila rasilimali nikaweka mbili mbili, imetumika kiasi gani na nani anasubiri foleni. Hiyo ya pili ndo inasahaulika sana. CPU asilimia 30 na loodi (michakato mingapi inaendeshwa au inasubiri) ya 12 kwenye prosesa yenye viini 8, ukiangalia moja tu huelewi, ukiziona pamoja unakumbuka kwamba loodi ya Linux inahesabu hata michakato iliyokwama ikisubiri diski, unaenda moja kwa moja kwenye diski. Na kwenye diski nako usiamini ile asilimia ya matumizi peke yake, kwenye SSD 100 inamaanisha tu kwamba muda wote kulikuwa na angalau ombi moja linashughulikiwa, inaweza bado ina nafasi kubwa, angalia urefu wa foleni na muda wa kusubiri.

CPU nikaiweka kila sekunde 1, mstari wa juu kabisa na wa wastani. Chati ikatoka na meno kama msumeno, jino moja kila dakika 5, yamepangana hata huhitaji kuhesabu. Nikaihamishia ile skripti kwenye seva ya ripoti, simu zikakoma, na sasa meno yako huko.